Stima Iliyopita Juu ya Shosho

Shamba la shosho yangu lilitoka kwa kikaratasi. Ilikuwa miaka ya sabini, kampuni za kununua ardhi zilikuwa zinakatakata mashamba yaliyoachwa na wazungu huko magharibi mwa Nakuru, na wanachama walikuwa wanapiga kura kujua nani atapata kipande gani. Babu akatia mkono, akatoa namba, na namba yake ikaangukia kipande kilichopitiwa juu na waya kubwa za stima. Wengine walimwonea huruma. Chini ya zile waya hupandi mti, hujengi nyumba. Babu akasema viazi si miti.

Nyumba ikajengwa pembeni, mbali kidogo na laini. Wakaishi hapo miaka arobaini hivi bila stima.

Mimi nimepewa jina la babu, kwa hivyo shosho huniita mzee wangu. Kila likizo nilipelekwa kwake, na jioni akiwasha koroboi alikuwa ananiuliza swali moja, akicheka lakini si utani: "Mzee wangu, hii stima inapita hapa juu kila siku. Mbona haishuki?"

Nilipoitwa chuo kusomea uhandisi wa umeme, kijiji kizima kiliona mjibu swali amepatikana. Mwaka wa pili karo ikanishinda, nikaacha. Siku hizi naandikia watu vitu mtandaoni kwa pesa ya kodi. Lakini swali la shosho sijawahi kuliacha, na nimegundua kwamba lina majibu mawili, moja la fizikia na lingine la historia, na kwamba ukilijibu moja bila lingine unakuwa umemdanganya mzee.

Naanza na fizikia, na sihitaji kwenda mbali. Nakodisha chumba kimoja nyuma ya nyumba ya zamani Milimani, vile vyumba vilivyojengewa wafanyakazi wakati wa ukoloni, ambavyo sasa sisi tunaita SQ na kulipia kama watu wakubwa. Milimani iko juu, mgongo wake ukielekea Menengai. Walipoigawa Nakuru, wazungu walijiwekea huku juu kwenye upepo, na Waafrika wakasongezwa chini, mitaa kama Bondeni. Majina yenyewe hayafichi kitu: Milimani na Bondeni. Ukimwaga maji ya kuosha vyombo kwangu, yanajua pa kwenda bila kuelekezwa. Yanateremka kuelekea ziwani.

Sasa chukua jiwe la kilo moja ukingoni mwa Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nakuru liko chini huko kwenye mita 1,750 hivi. Hilo jiwe limekaa tu, halifanyi kitu, lakini lina kitu. Liachilie mpaka ziwani na litakupa jouli elfu tano na kitu. Hizo jouli ziko wapi wakati jiwe limetulia? Haziko ndani ya jiwe. Lipasue, hutaziona. Haziko ziwani pia. Ziko katika tofauti ya mahali pawili. Na angalia, bahari haihusiki hapa. Umbali wa jiwe kutoka Mombasa hauongezi wala kupunguza chochote. Kinachohesabika ni juu na chini ya safari yenyewe.

Stima ni hivyo hivyo. Elektroni ina chaji, na chaji ikiwekwa karibu na chaji nyingine inasukumwa au inavutwa, kama vile jiwe linavyovutwa na ardhi. Kila mahali karibu na chaji pana "urefu" wake wa kiumeme, na huo urefu ndio wanafizikia huita potenshali. Tofauti ya potenshali kati ya mahali pawili ndiyo volti. Volti moja maana yake ni kwamba kila kulombi moja ya chaji ikipita hapo inatoa jouli moja ya nishati. Kulombi moja ni elektroni nyingi kuliko tunavyoweza kufikiria, 6 ikifuatwa na sifuri 18 na ushee. Kwenye soketi ya nyumbani, volti 240, kila kulombi inakuachia jouli 240. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Ndiyo maana neno "volti" peke yake halina maana. Volti kati ya wapi na wapi? Kunguru anatua kwenye waya wa shosho akapiga kelele asubuhi nzima na hakuna kinachomfanyikia, kwa sababu mguu wa kulia na mguu wa kushoto viko kwenye urefu mmoja. Ndege mkubwa akitandaza mabawa akagusa waya mbili kwa pamoja, hiyo ni hadithi nyingine. Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, kule Mto Tana, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia giza kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. KenGen walitoa taarifa rasmi kuhusu tumbili, na nadhani ni moja ya taarifa bora zilizowahi kuandikwa na shirika la serikali.

Lile neno potenshali lenyewe lina mwenyewe, na mwenyewe hakuwa profesa. Aliitwa George Green, mtoto wa muoka mikate wa Nottingham, Uingereza, aliyezaliwa 1793. Shule alisoma kama mwaka mmoja tu, akiwa na miaka minane. Baadaye baba yake akajenga kinu cha upepo cha kusaga ngano, na Green akawa msagaji. Hakuna anayejua vizuri hisabati aliipata wapi. Mwaka wa 1828 alichapisha kitabu kwa pesa za kuchangiwa, wanunuzi 51 waliojiandikisha mapema, wengi wao watu wa mji huo ambao pengine hawakuelewa ukurasa mmoja. Ndani yake alichukua hesabu ya umeme, ambayo ilikuwa vurugu ya mishale inayosukuma kila upande, akaigeuza kuwa namba moja tu kwa kila mahali. Akaiita namba hiyo potenshali. Ni kama kuchora ramani ya mlima kwa urefu badala ya kuandika kila jiwe litabingirika upande gani.

Kitabu kikalala. Green akaingia Cambridge 1833 akiwa na miaka 40, akafa 1841, na ni 1845 ndipo kijana aliyemaliza masomo hapo, William Thomson, alipopewa nakala na mwalimu wake na kuwaonyesha wengine. Thomson baadaye aliitwa Lord Kelvin, na jina lake liko kwenye kila maabara. Nilisomea chuo nikitumia hesabu za Green kila wiki na hakuna aliyenitajia kwamba alikuwa msagaji. Ningefurahi kujua. Kwetu Nakuru msagaji ni mtu wa heshima. Kampuni ya Unga yenyewe ilianzishwa 1908 na Lord Delamere, mzungu aliyekuwa na shamba Njoro hapo.

Turudi kwa shosho. Usiku wa ukungu, zile waya zinavuma. Si upepo, ni mlio mnene kama wa nyuki walio mbali. Nikiwa mtoto nilidhani stima inasema kitu. Kinachotokea ni hiki. Katika hewa huwa kuna elektroni chache zilizo huru. Karibu kabisa na waya, potenshali inateremka kwa kasi, mteremko mkali kuliko ukuta wa Menengai. Elektroni huru ikijikuta hapo inakimbizwa, inachukua nishati kila sehemu ndogo ya milimita, mpaka igonge molekuli ya hewa. Ikiwa imekusanya ya kutosha, inaing'oa elektroni nyingine kutoka kwa hiyo molekuli. Kwa oksijeni kiasi hicho ni elektronivolti 12 hivi, yaani nishati ambayo elektroni moja hupata ikiteremka tofauti ya volti 12, sawa na betri ya gari. Sasa ziko mbili zinazokimbia. Halafu nne. Matone ya ukungu yakikaa kwenye waya yanaufanya mteremko kuwa mkali zaidi kwenye ncha zao, ndiyo maana mlio unaongezeka wakati wa mvua. Shosho alikuwa analala chini ya poromoko dogo la chembe zisizoonekana, na koroboi mezani.

Mteremko huo ni wa urefu gani? Laini ile ni ya volti 132,000 kati ya waya mmoja na mwenzake. Kati ya waya mmoja na udongo wa viazi ni kama volti 76,000. Ukitaka kilo moja ya viazi iwe na jouli nyingi kama alizo nazo kulombi moja pale juu, itabidi uvibebe zaidi ya kilomita saba na nusu kwenda juu, upite kilele cha Kilimanjaro uendelee. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa shosho. Stima ya juu haishuki kwa sababu iko juu sana. Huwezi kuning'iniza balbu kwenye huo mteremko. Inahitaji kuteremshwa hatua kwa hatua na transfoma, na transfoma ya kuanzia volti 132,000 si kitu cha kuwekwa kwenye nguzo ya shamba. Ni uwanja mzima wenye ua, mafuta, swichi na walinzi. Uwanja wa karibu uko Lanet, upande wa pili wa mji.

Lakini mbona iwe juu hivyo? Na mbona uwanja uwe Lanet? Hapa ndipo fizikia inamwachia historia kiti.

Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja, mahali Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria. Wazo lilikuwa la zamani. Winston Churchill alipita hapo 1907 akaandika kwamba maji yale yanapotea bure. Bwawa lilipojaa, maporomoko ya Ripon, ambayo John Speke alifika 1862 na kuyatangaza kwa wazungu wenzake, yalimezwa. Uganda ikawa na stima nyingi kuliko viwanda vyake vingeweza kutumia. Nairobi ilikuwa na njaa ya stima. Mwaka ule ule wa 1954 ikaundwa Kampuni ya Umeme ya Kenya, na kazi yake ilikuwa moja: kujenga laini kutoka Tororo mpakani hadi Nairobi. Kampuni hiyo hiyo ndiyo baadaye iligeuka kuwa KenGen. Yaani mzalishaji wetu mkubwa wa stima alizaliwa kama mchukuzi wa stima ya jirani.

Kufikia 1958 stima ya Jinja ilikuwa inaingia. Fikiria miaka yenyewe. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, tangu 1952 hadi 1960, watu wamefungiwa vijijini na kambini, na nguzo za chuma zinasimamishwa moja baada ya nyingine kupitia Lessos, zinashuka Bonde la Ufa kupitia mashamba ya wazungu, zinafika Lanet, Naivasha, mpaka Nairobi. Na kuna kichekesho cha kijiografia hapo: mpaka 1902 Nakuru na Naivasha zilikuwa ndani ya Uganda, kwenye mkoa wake wa mashariki. Reli iliyozaa Nakuru ilikuwa Reli ya Uganda. Stima ilifuata njia ya zamani.

Mkataba ulizungumzia megawati 30. Siku hizi ni kidogo, lakini hebu piga hesabu, na hii ndiyo hesabu niliyowahi kuifurahia kuliko zote. Ukisafirisha megawati 30 kwa volti 132,000, kila waya kati ya zile tatu unabeba kama ampea 130. Ukizisafirisha kwa volti 11,000, zile za nguzo za mbao za mtaani, utahitaji ampea mara 12 zaidi. Na nishati inayopotea njiani kwa kuchemsha waya haiongezeki mara 12. Inaongezeka kwa 12 mara 12, yaani mara 144. Kwa mamia ya kilomita, stima yote ingeishia kuwapasha joto kunguru. Kwa hivyo unapandisha juu sana, chaji chache zikiwa na nishati nyingi kila moja, unapitisha haraka, halafu unateremsha pale unapotaka kuteremsha. Kila pahali pa kuteremshia ni gharama. Unachagua wachache.

Na waliochagua walikuwa na orodha yao. Nairobi. Miji ya wazungu njiani. Kipande cha ardhi ambacho baadaye kingekuwa cha babu hakikuwa kwenye orodha kwa sababu mwaka 1958 kilikuwa sehemu ya shamba la mzungu mmoja, na babu alikuwa kibarua mahali fulani asipotaka kupazungumzia. Laini ilipimwa, ikanyooshwa, ikapita. Mpango wa kusambaza umeme mashambani ulikuja kuanza 1973, na ulisonga polepole kama mwenye viatu vya kuazima.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba stima ya waganda ilikuwa "inapitia" kwa shosho. Kwa hakika hata hiyo si kweli. Stima ya laini ile inakwenda mbele na kurudi nyuma mara hamsini kwa sekunde. Elektroni iliyo kwenye waya juu ya viazi inatikisika hapo hapo, umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Hakuna elektroni ya Jinja iliyowahi kufika Nakuru. Zile zilizo juu ya shamba zilikuja ndani ya waya siku ulipofungwa. Kinachosafiri ni ile tofauti: huko mwisho mtambo unasukuma, na msukumo unafika huku karibu kwa kasi ya mwanga. Siku hizi Kenya na Uganda huuziana kwa zamu, anayezidiwa leo ndiye muuzaji kesho, na laini haijali ni upande gani unaosukuma.

Bonde letu nalo lilianza kusukuma. Olkaria, chini ya Naivasha, walianza kuchimba visima 1956 wakakata tamaa, wakarudi, na 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka kwa mvuke wa ardhini. Maporomoko ya Jinja yanateremsha maji. Olkaria inapandisha mvuke. Kazi ni ile ile, kujaza urefu ili kitu kishuke. Halafu kukawa na kituko cha Turkana. Mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari mapema 2017, yenye uwezo wa megawati 310, ikasimama jangwani ikipigwa na upepo bure mpaka Septemba 2018, kwa sababu laini ya kuileta Suswa haikuwa imekamilika. Kila mtu alikuwa na hasira, na mimi nilikuwa ndio nimeacha chuo, nikaielewa kabisa ile mitambo. Na Novemba 2022 laini nyingine ikaingia hapo hapo Suswa, kutoka Sodo, Ethiopia, kilomita 1,045, volti 500,000, yenye uwezo wa megawati 2,000. Hii haigeukigeuki, stima yake inakwenda upande mmoja kama betri. Imepita juu ya wafugaji wengi. Sijui ni mashosho wangapi wanauliza.

Kwa shosho yangu stima ilifika 2017. Serikali ilikuwa na ule mradi wa kuunganisha kila nyumba iliyo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, ada ikapunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Transfoma iliwekwa karibu na shule ya msingi, na yeye alikuwa ndani ya zile mita. Vijana wakaja na nguzo za mbao, wakavuta waya kutoka barabarani, upande wa mji. Kabisa upande mwingine. Balbu mbili na soketi moja. Koroboi aliihifadhi kwenye rafu kwa sababu, alisema, stima ni mgeni, na mgeni huondoka.

Pasaka iliyopita nilienda kumjibu. Tulikaa nje, yeye akichambua maharagwe, zile waya zikipita juu kama kawaida. Nikamweleza habari ya juu na chini. Nikatumia Milimani na Bondeni, akaelewa mara moja, alifua nguo za watu Milimani miaka mingi na kurudi Bondeni jioni kwa miguu kabla hawajapata shamba. Nikamweleza kwamba hii ya juu inapita hapa, inavuka mji, inaenda Lanet, pale inateremshwa kutoka 132,000 hadi 33,000, halafu tena hadi 11,000, inarudi huku kwenye nguzo za mbao mpaka kwa transfoma ya shule, inateremshwa mara ya mwisho, ndipo inaingia kwa balbu yake.

Akaacha maharagwe.

"Kwa hivyo hii yangu ya ndani ni hii ya juu?"

"Inaweza kuwa, shosho. Ndiyo."

"Imepita hapa ikaenda Lanet, ikarudi."

"Eeh."

"Na nauli yake nani analipa, mzee wangu?"

Tokeni zilikuwa zimeisha tangu asubuhi, kwa hivyo nikatoa simu nikamnunulia za mia moja. Ujumbe ulipoingia nikamwonyesha: zile namba ndefu, kiasi cha stima yenyewe, na chini yake, makato mengine. Akaenda ndani kuchukua miwani.